Gawio Hutangulia Bei: Mafunzo Niliyopata Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam

Mwishoni mwa mwaka 2019, hisa moja ya Benki ya CRDB ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya shilingi 100. Mwaka huohuo benki hiyo ilipata faida ya takribani shilingi bilioni 120 baada ya kodi. Ukigawanya faida hiyo kwa hisa zake bilioni 2.6, kila hisa ilizalisha kama shilingi 46. Mtu aliyenunua kwa shilingi 95 alikuwa akilipa bei ambayo kampuni ingeizalisha yote kwa faida ya miaka miwili na ushei. Mkutano Mkuu wa wanahisa ukapitisha gawio la shilingi 17 kwa kila hisa. Ilipofika mwisho wa 2024, bei ilikuwa imevuka shilingi 600, na gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 65.

Hakuna hesabu hata moja kati ya hizo iliyokuwa siri. Zote zilichapishwa magazetini, kurasa zilezile ambazo wengi wetu huzifungia maandazi. Ndiyo maana naandika. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nanunua hisa kwa mshahara, na ninaamini kwa dhati kwamba mtu wa kipato cha kawaida anayejua kugawanya na kuzidisha anaweza kumiliki vipande vya kampuni nzuri za nchi yake kwa bei ya haki.

Mtindo ninaoufuata uliwekewa misingi na Benjamin Graham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Baada ya anguko la soko la Marekani la 1929 aliandika pamoja na David Dodd kitabu Security Analysis, kilichotoka 1934, kisha mwaka 1949 akawaandikia watu wa kawaida The Intelligent Investor. Mwanafunzi wake aliyevuma kuliko wote ni Warren Buffett. Msingi wa mtindo huo ni huu: bei ni kitu kimoja na thamani ni kingine; nunua pale bei ilipo chini sana ya thamani, ili hata hesabu yako ikipotoka kidogo usizame. Lakini Graham aliwaandikia watu ambao wakitaka kuuza asubuhi, mchana wameshauza. Soko letu lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na hadi leo ni dogo. Mafunzo haya yametokana na kuutumia mtindo wa Graham mahali ambapo mnunuzi unaweza kumsubiri kwa wiki kadhaa.

1. Soma hesabu kwanza, bei uitazame baadaye

Ili kuielewa ile bei ya 95, turudi nyuma kidogo. CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Bei ilipanda, na mwaka 2015 benki ilipowauzia wanahisa wake hisa za nyongeza iliwatoza shilingi 350. Watu walilipa. Baada ya hapo hali ikabadilika. Kuanzia 2016 Serikali ilizitaka taasisi zake zihamishie fedha zao Benki Kuu, na amana nono zikaondoka kwenye mabenki ya biashara. Wakopaji wengi walikwama. Mikopo chechefu ikaongezeka. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki ndogo tano kwa kukosa mtaji wa kutosha. Mwaka huohuo kikaanza kutumika kiwango kipya cha uhasibu, IFRS 9, kinachoitaka benki itenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, badala ya kungoja itokee. Faida ya CRDB ya mwaka 2017 ilishuka hadi kama bilioni 36, na gawio likawa shilingi 5.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Tatizo ni kwamba iliendelea kukaa kwenye bei wakati hesabu zilikwisha kubadilika. Faida ya 2018 ilifika kama bilioni 64. Ya 2019 ikafika bilioni 120. Faida ilizidi mara tatu ndani ya miaka miwili, huku bei ikiendelea kuteremka. Mtaji wa wanahisa uliosomeka kwenye mizania, ukiugawa kwa hisa, ulikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya sokoni.

Katika taarifa za benki za kila robo mwaka kuna mistari ambayo siiruki. Nianze na mikopo chechefu: ni asilimia ngapi ya mikopo yote, na inapanda au inashuka ukilinganisha na robo nne zilizopita? Benki Kuu hutaka isizidi asilimia 5. Pili ni fedha zilizotengwa kufidia mikopo hiyo. Benki inayotenga kidogo mwaka huu ili faida ionekane nene inaahirisha kilio tu. Kisha natazama amana na wenye nazo. Fedha za maelfu ya wateja wadogo kwenye akaunti za kawaida hugharimu benki kidogo, ilhali amana ya muda maalumu ya shirika kubwa huja na masharti ya riba na inaweza kuondoka siku moja, kama 2016 ilivyoonyesha. Natazama pia katika kila shilingi 100 ya mapato ni shilingi ngapi zinaliwa na mishahara, majengo na uendeshaji. Mwisho kabisa ndiyo naangalia bei.

Nafuata mpangilio huo kwa makusudi. Ukianza na bei, akili inaanza kuitafutia sababu: imeshuka, basi kampuni ni mbovu, imepanda, basi ni nzuri. Ukianza na hesabu unaandika kwanza kiasi ambacho ungekuwa radhi kukilipa, halafu unauliza soko linataka kiasi gani.

Niseme pia kwamba benki ni ngumu kuisoma. Kiwanda cha saruji unaweza kukiona: unasimama Wazo Hill, Dar es Salaam, ukatazama malori yanavyotoka kiwanda cha Twiga Cement. Mkopo hauonekani. Ubora wake ni makadirio ya uongozi, na makadirio hayo hukaguliwa baada ya kuandikwa. Kwa hiyo kwenye benki nadai pengo kubwa zaidi kati ya bei na thamani kuliko ninalodai kwa mtengeneza saruji. Hiyo ndiyo nafasi ya usalama aliyoisisitiza Graham, nami naipanga kulingana na kiasi cha kampuni nisichoweza kukiona kwa macho.

2. Bei iliyoandikwa ubaoni inaweza kuwa imelala

Kwa miaka kadhaa baada ya 2019, hisa ya Tanzania Breweries ilisomeka shilingi 10,900 na ya Tanzania Cigarette shilingi 17,000, siku nenda siku rudi. Mgeni wa soko letu angedhani hizi ni kampuni tulivu kupindukia. Sababu ni nyingine. Sehemu kubwa ya hisa hizo iko mikononi mwa kampuni mama za nje, na nyingi ya zilizobaki zimeshikwa na taasisi na watu wasiouza. Hisa isipobadilishana mikono, bei haibadiliki, hata kama bia imeuzika maradufu au mauzo yamepungua nusu.

Dalali wangu aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hisa hizi zina bei ila hazina mteja." Tangu hapo nikiona bei nauliza swali la pili: hisa ngapi zimeuzwa kwa bei hiyo, na lini? Kama jibu ni chache sana au zamani sana, hiyo kwangu ni kumbukumbu tu. Siwezi kuizidisha kwa idadi ya hisa zangu nikasema nina utajiri wa kiasi fulani.

Hili linabadilisha namna ya kununua. Sitoi agizo la kununua kwa bei yoyote iliyopo. Naandika bei yangu na kuacha agizo likae. Siku nyingine linajibiwa kwa vipande, hisa mia leo, mia mbili wiki ijayo. Subira hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe. Na kwa kuwa kutoka ni kugumu kuliko kuingia, sinunui hisa ambayo nisingefurahi kuishika endapo soko lingefungwa kwa miaka mitatu.

3. Katika soko lisilo na wanunuzi wengi, gawio ndilo linalokuwezesha kusubiri

Kama msomaji atachukua jambo moja tu kwangu, ningependa liwe hili.

Graham aliamini kwamba bei hatimaye huikaribia thamani. Nami naamini hivyo. Lakini Dar es Salaam hiyo "hatimaye" inaweza kuwa mbali sana, kwa sababu hakuna umati wa wachambuzi wanaovizia kila pengo. Pengo unaloliona leo linaweza kukaa wazi miaka minne. Je, katika miaka hiyo minne unaishi na nini, na unajuaje kwamba hujajidanganya? Gawio hujibu yote mawili. Ni fedha halisi inayoingia kwenye akaunti yako, na kampuni isiyo na fedha halisi haiwezi kulitoa kwa muda mrefu.

Mtu mwenye nyumba ya kupangisha Mbagala haulizi kila asubuhi nyumba yake ingeuzwa bei gani. Anauliza kama kodi imelipwa na kama paa linavuja. Hivyo ndivyo ninavyozishika hisa.

Mfano mzuri ni Benki ya NMB. Mwaka 2020 hisa yake ilikaa kwa muda mrefu kwenye shilingi 2,340, imelala kama zile za bia na sigara. Gawio la mwaka wa hesabu 2019 lilikuwa shilingi 96, sawa na asilimia 4 hivi ya bei hiyo. Si kitu cha kumvutia mtu. Lakini chini ya ile bei iliyolala kampuni ilikuwa inatembea. Gawio la 2020 lilikuwa shilingi 137, la 2021 shilingi 193, la 2022 shilingi 286, la 2023 shilingi 361. Aliyenunua kwa 2,340 alikuwa sasa anapokea zaidi ya asilimia 15 ya fedha aliyoitoa, kwa mwaka, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa. Bei nayo iliamka ikavuka 4,000, lakini ilikuja nyuma ya gawio. Mtu aliyekuwa akifuatilia gawio alikuwa ameshajua.

Kuna tahadhari mbili hapa, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni kuuliza gawio limetoka katika fungu gani la faida. NMB katika miaka hiyo iligawa takribani theluthi moja ya faida, theluthi mbili zikabaki kukuza mtaji. Ndiyo maana gawio liliweza kupanda mwaka hadi mwaka. Kampuni inayogawa karibu faida yote haina akiba ya kukulinda mwaka mbaya ukija. Swissport Tanzania, inayohudumia ndege viwanjani, ilizoea kuwagawia wanahisa sehemu kubwa ya faida yake. Aprili 2020 nchi ilipositisha safari za kimataifa za abiria kwa sababu ya korona, hakuna gawio la miaka iliyopita ambalo lingeweza kuleta ndege uwanjani. Gawio la jana halikuahidi chochote kwa kesho.

Ya pili ni kwamba wakati mwingine thamani huja kwa njia nyingine kabisa. Tanga Cement ilielemewa na mikopo ya kujengea tanuri lake la pili, na mtu wa gawio kama mimi hakuwa na cha kufuata pale. Oktoba 2021 Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg la Ujerumani, ilitangaza nia ya kununua asilimia 68.33 ya hisa zake. Mnunuzi huyo alikuwa anatazama tanuri, chokaa na wateja. Hata hivyo angalia ilivyokuwa safari yenyewe: Septemba 2022 Baraza la Ushindani lilitengua kibali cha ununuzi huo, mvutano ukaendelea hadi mwaka uliofuata, na mwishowe hisa nyingi za kampuni hiyo zikaenda kwa Amsons, kundi la Kitanzania. Wapo waliopata faida nzuri. Mimi sikuwemo na sijutii, kwa sababu sina uwezo wa kutabiri mabaraza. Mwekezaji mdogo achague aina ya thamani anayoweza kuithibitisha mwenyewe.

4. Kila hisa ishindane na hatifungani ya Serikali

Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, riba isiyokatwa kodi, na kiwango cha chini cha kuanzia kilikuwa shilingi milioni moja. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa hadi 12.56. Mfumuko wa bei katika miaka hiyo ulikuwa kwenye asilimia 3 hadi 4 na kidogo.

Kwa hiyo mtu akiniambia hisa fulani ni "nzuri", namuuliza: nzuri kuliko riba ya hatifungani bila kusoma mizania hata moja? Gawio la CRDB la shilingi 17 kwa aliyenunua kwa 95 lilikuwa karibu asilimia 18, na baada ya kodi kama 17. Lilikuwa linashindana na hatifungani hata kama lisingepanda kamwe. Hapo uamuzi ni mwepesi. Hisa inayotoa asilimia 5, kwa upande mwingine, inabidi inionyeshe ukuaji wake utatoka wapi: kiwanda kipya, wateja wapya, bei wanayoweza kupandisha. Ikishindwa kujibu naiacha, hata kama jina lake ni kubwa.

Wapo marafiki zangu waliochukua hatifungani za 2021 wakaishia hapo, na sijawahi kuwaambia walikosea. Kwa mtu asiye na hamu ya kusoma hesabu, huo ulikuwa uwekezaji wa thamani kwa maana kamili ya Graham.

5. Fedha ya ada isikanyage soko la hisa

Januari ni mwezi wa ada. Ukichanganya na misiba, harusi na michango ya ukoo, kila mwaka utakuta watu wanauza hisa si kwa sababu kampuni imeharibika bali kwa sababu shule imefunguliwa. Katika soko lenye wanunuzi wachache, wauzaji wachache wenye haraka wanatosha kuishusha bei.

Mwenye haraka humpa mwenye subira punguzo. Ili uwe mwenye subira lazima fedha hiyo iwe ya mbali kweli. Mimi natenga kwanza dharura ya miezi sita, kwenye akaunti ya benki na kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS ambako naweza kutoa fedha ndani ya siku chache. Kinachozidi ndicho kinachokwenda kwenye hisa. Sikopi SACCOS kununua hisa. Deni lina tarehe, na hisa haina.

6. Senti chache si urahisi

Wengi wanaoanza huvutiwa na hisa yenye namba ndogo: "Hii ni shilingi chache tu, haiwezi kushuka zaidi." Tazama Mumias Sugar ya Kenya. Iliorodheshwa Nairobi mwaka 2001 na kwa miaka mingi ilikuwa jina la sukari nchini humo. Madeni na hasara vilipoibana, hisa yake ilianguka hadi chini ya shilingi moja ya Kenya, na Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mpokezi mali. Aliyenunua kwa senti kwa kuwa ni senti alibaki na karatasi.

Hisa ya shilingi 95 na hisa ya senti 30 haziwezi kulinganishwa kwa namba hizo. Tofauti ya CRDB ya 2019 na Mumias ya 2019 haikuwa bei: moja ilikuwa inapata faida inayokua na mtaji wake uko salama, nyingine ilikuwa inadaiwa kuliko inavyoweza kulipa. Kwa kampuni yoyote isiyo benki, nafungua kwanza taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida inaweza kuandikwa. Fedha taslimu iliyotokana na biashara ni ngumu zaidi kuipamba. Kampuni inayotangaza faida miaka mitatu mfululizo huku fedha taslimu ikiwa hasi na mikopo ya benki ikipanda, siigusi kwa bei yoyote.

7. Kwenye mauzo ya awali, anayepanga bei ni muuzaji

NMB iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 600 na CRDB 2009 kwa 150, na waliosubiri walipata. Hilo liliwafanya wengi waamini kwamba kila toleo la awali ni neema. Mwaka 2017 ikaja Vodacom Tanzania kwa shilingi 850, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Mwanzoni hisa zilitengwa kwa Watanzania pekee. Hazikumalizika, mlango ukafunguliwa kwa wageni pia. Miaka iliyofuata hisa hiyo ilikaa muda mrefu kwenye 770, na katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, baada ya laini nyingi kuzimwa kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, kampuni ilitangaza hasara.

Sisemi kampuni ni mbaya. Nasema waraka wa matarajio unaandikwa na mwenye kuuza, wakati anaouchagua yeye. Nausoma kama ninavyosoma hesabu nyingine yoyote, na bei isipokuwa chini ya ninachokadiria nasubiri. Sokoni hisa zitakuwepo hata kesho.

8. Makato

Kununua na kuuza kwa kiasi kidogo, ukijumlisha ada ya dalali, soko, mamlaka ya masoko ya mitaji na hifadhi ya dhamana, hukata zaidi ya shilingi 2 katika kila 100. Kila upande. Ukizungusha fedha yako mara nne kwa mwaka, umeshagawa sehemu kubwa ya gawio lako kwa wengine.

9. Hudhuria Mkutano Mkuu, na uliza swali la hesabu

CRDB hufanya mkutano wake Arusha, na siku hizi unaweza kuufuatilia kwa mtandao. Mwenye hisa mia ana haki ya kusimama kama mwenye hisa milioni, ingawa kura zao hazilingani. Nasikitika ninapoona nafasi hiyo inatumika kuulizia nauli na zawadi. Nauliza mambo mawili au matatu niliyoyaandika nyumbani: kwa nini mikopo ya sekta fulani imekua haraka kuliko mingine, ni deni gani kubwa lililofutwa mwaka huu, sera ya gawio ni ipi faida ikishuka.

Majibu yenyewe nayapima kwa namna yanavyotolewa. Mtendaji anayetaja namba na kukiri palipolegea ananitia moyo. Anayejibu kwa maneno mapana namwekea alama. Mzee mmoja niliyekaa naye, mstaafu wa reli aliyenunua tangu 2009, alikuwa na daftari la gawio la kila mwaka kwa mwandiko wake. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hizi sijazinunua niziuze. Nimezinunua zinilipe." Nilimwomba ruhusa ninakili jedwali lake, akanipa.

10. Familia ijue

Hisa za marehemu haziendi kwa warithi zenyewe. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi, naye apeleke barua ya uteuzi na cheti cha kifo kwa dalali ili umiliki uhamishwe kwenye hifadhi ya dhamana. Kabla ya yote hayo, lazima kuwe na mtu anayejua kwamba hisa zipo. Gawio lisilodaiwa ni tatizo la kweli katika nchi hii: akaunti za benki zilizofungwa, namba za simu zilizobadilika, vyeti vya miaka ya mwanzo vilivyobaki kwenye sanduku kijijini.

Nimeandika kwenye karatasi moja namba ya akaunti yangu ya hisa, jina la dalali, kampuni na idadi ya hisa, na akaunti inayopokea gawio. Mwenzangu wa ndoa anayo na binti yetu mkubwa anayo. Naihuisha kila gawio linapoingia. Ukibadilisha namba ya simu au benki, mpe dalali taarifa wiki hiyohiyo.

11. Kuuza kunahitaji sababu iliyoandikwa mapema

Kila ninaponunua naandika tarehe, bei, na sentensi mbili tatu: nimenunua kwa nini, na nini kikitokea nitauza. Kwa CRDB niliandika kwamba nitauza mikopo chechefu ikipanda juu ya asilimia 5 kwa robo mbili mfululizo, au gawio likikatwa wakati faida inaongezeka, au bei ikifika mahali ambapo gawio pamoja na ukuaji unaowezekana haviizidi tena hatifungani.

Mawili ya kwanza hayajatokea. La tatu ndilo nililolifanyia hesabu baada ya mwaka 2024. Faida ya 2024 ilikuwa kama bilioni 551, sawa na shilingi 211 kwa hisa. Kwa bei ya 650 hivi ya wakati huo, ulikuwa unalipa faida ya miaka mitatu hivi, ambayo bado haikuwa ghali. Lakini gawio la shilingi 65 juu ya bei hiyo lilikuwa asilimia 10 kabla ya kodi, si 18 kama la 2019. Aliyenunua kwa bei hiyo alitegemea zaidi ukuaji kuliko nilivyoutegemea mimi, na nafasi yake ya usalama ilikuwa finyu kuliko yangu.

Kuna jambo jingine. Hisa hiyo imekua hadi ikawa zaidi ya nusu ya kapu langu lote, na hisa zangu zote za benki kwa pamoja ni karibu robo tatu. Jambo lililoyatikisa mabenki yote 2016 linaweza kurudi kwa sura nyingine. Kwa hiyo hisa nilizonazo nazishika, kwa kuwa sababu ya kuzinunua haijavunjika, ila gawio la CRDB silirudishi tena CRDB. Linakwenda kwenye hatifungani, na agizo langu la hisa za saruji linakaa kwa dalali likisubiri bei niliyoiandika.